Maziwa ya Nomau

Barmani alizika watoto wawili kiangazi kimoja, na dhahabu iliyowaua ndiyo iliyolipa mahari ya mke mwenzake.

Mudi, mumewe, alileta mawe kutoka machimboni. Barmani, ambaye hakuruhusiwa kutoka uani, aliyaponda kwenye kinu kilekile cha kutwangia uwele. Vumbi lake lilikuwa na risasi, madini yenye sumu, nani angemwambia? Watoto walikula fura, madonge ya uwele yaliyovurugwa katika maziwa. Degedege likawachukua.

Alibaki wa kwanza, mvulana wa miaka sita. Kwao mama humwonea haya mtoto wake wa kwanza: hamwiti kwa jina, hambembelezi, wala hamlishi mbele za watu. Chakula chake kilikuwa mkononi mwa bibi yake, Inna Tasalla, na Inna aliamka jua likiwa juu. Mtoto alishinda vumbini na tumbo tupu.

Wauguzi walikuja, wakafukua udongo wa ua wote wakaupeleka mbali, wakampa mtoto dawa. Muuguzi alipouliza jina lake, Barmani aliinamisha kichwa. Delu, mke mwenza, akamjibia. Kisha muuguzi akaeleza kwamba tumbo tupu hunyonya risasi kama mchanga unavyonyonya maji. Mtoto ale kabla ya kutoka: maziwa, kunde, majani ya mlonge. Chakula si badala ya dawa, ila huibania sumu njia. Baada ya mwezi angempima damu tena, na risasi ikiwa imepanda, mtoto angelazwa mjini.

Siku ileile Barmani alikipasua kinu kwa shoka. Mudi alipouliza watatwangia nini, alijibiwa kwamba kinu kipya kitatoka palepale ilipotoka mahari. Siku ya tatu kinu kipya kikaletwa.

Kila alfajiri alinunua maziwa kwa mama wa Kifulani aliyeyaleta uani, akampelekea Inna mlangoni. Adhuhuri aliyakuta palepale, yana nzi. Asubuhi ya nne hakuyapeleka. Alisimama katikati ya ua na kibuyu chake, majirani wakiteka maji kisimani, mtoto akiwa tayari mlangoni anatoka.

"Nomau," akaita.

Kamba ya kisimani ikasimama. Mtoto hakugeuka, hakuwahi kusikia sauti ile ikilitaja jina lake.

"Nomau, njoo unywe."

Delu akacheka. "Makubwa. Dada leo kaiacha haya kitandani."

"Nimeizika, Delu. Imelala na wale wawili."

Inna alitoka akijifunga kitambaa kichwani. "Barmani, unaniaibisha mbele za watu. Huyu ni mume wangu mimi."

"Ni mume wako, Inna, sijamnyang'anya. Basi mumeo asitoke na njaa. Siku utakayoamka kabla yangu, mlishe wewe."

Mtoto alikunywa hadi akapata masharubu meupe, akanawa mikono, akala mlonge uliochanganywa na karanga.

Baada ya hapo Inna alianza kuamka kabla ya adhana, kwa ubishi tu. Barmani alikuwa ameshaamka.

Muuguzi alirudi, akapima. Risasi ilikuwa imepungua, si sana. Hakulazwa. Akafungua daftari, akauliza jina, na Delu akafumbua kinywa.

"Nomau," Barmani akasema, akauliza mwezi ujao atakuja siku gani.