Alama Zangu na za Binamu

Mwaka niliomaliza darasa la saba, majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari za serikali yalitoka kabla ya Krismasi, na langu halikuwamo. Mwalimu mkuu aliniambia nisilie. Alisema kwa alama zangu za moko, yaani mtihani wa majaribio wa wilaya, kama ningekuwa katika wilaya nyingine yenye watahiniwa wachache, ningechaguliwa bila shida. Alidhani ananifariji. Nilirudi nyumbani nikimuwaza huyo msichana wa wilaya nyingine, mwenye alama kama zangu, ambaye mama yake alikuwa ameshaanza kumshonea sare. Siku zile sikuweza kukaa kitako. Nikiambiwa nimenye ndizi za mtori, ile supu yetu, naacha katikati, nakwenda barabarani, narudi.

Siku ya mwaka mpya tulikwenda kwa bibi mzaa mama, kijiji cha pili kutoka kwetu, hukohuko Kirua Vunjo, mlimani juu ya Moshi. Mjomba wangu alikuwa amefika kutoka Loitokitok, upande wa Kenya, alikofanya biashara miaka mingi. Biashara ilikuwa imeanza kumwendea kombo, kwa hiyo alimleta binti yake abaki kwa bibi na kusomea huku. Binamu tulilingana umri. Naye alikuwa amemaliza shule ya msingi, na matokeo yao yalikuwa yametoka wiki ileile.

Nyama haijaiva, mjomba akasimama mbele ya wote. "Huyu mtoto amepata mia nne thelathini na moja!"

Watu wakapiga makofi. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama, ulipata ngapi?"

"Tisini na saba, za moko," nikasema.

Mtu akacheka. Sijui nani, maana nilikuwa natazama miguu yangu. Baba, aliyekuwa ukweni na kwa kawaida hakuwa na maneno mengi pale, akauliza taratibu, "Shemeji, mia nne thelathini na moja kati ya ngapi?"

"Kati ya mia saba."

"Wa kwangu ni kati ya mia na hamsini." Baba akaokota kijiti, akachuchumaa, akaanza kugawanya kwenye vumbi. Tulisubiri. "Wako ana asilimia sitini na moja na kitu," akasema. "Wangu ana sitini na nne na kitu."

Mjomba akakunja uso. "Huwezi kulinganisha hivyo, shemeji. Wa kwangu kafanya masomo mengi, tena kwa Kiingereza. Huku mnaulizana kwa Kiswahili."

"Wewe ndiye uliyeanza kulinganisha," baba akajibu, na bibi akaanza kuhangaika na vyombo ambavyo havikuhitaji kuguswa.

Mama ndiye aliyechoka kwanza. "Basi wabadilishane mitihani tuone!" akasema. Nadhani alitaka tu wanyamaze, lakini mjomba alilidaka lile neno. Kwenye gari alikuwa na karatasi za hesabu alizomnunulia binti yake afanyie mazoezi. Mimi nikatumwa mbio nyumbani kuleta karatasi zangu za moko.

Tuliketishwa sebuleni kwa bibi, kila mmoja upande wake wa meza, na mlango ukafungwa. Nje tuliwasikia wakinong'ona kama watu waliokuja hospitali kumwangalia mgonjwa. Nilifungua karatasi ya binamu. Maumbo niliyajua, tarakimu nilizijua, ila sikujua naambiwa nizifanye nini. Kulikuwa na swali lenye namba tatu tu na herufi tatu, L.C.M. Nilizijumlisha. Baadaye nikazifuta, nikazizidisha. Nilipoinua macho, binamu naye alikuwa anatafuna kalamu, machozi yamemjaa.

Mjomba alinisahihishia mimi, baba akamsahihishia binamu. Tulikuwa tumeanguka wote wawili, vibaya sana. Hakuna aliyepiga makofi. Mjomba alisema maswali ya kwetu yameandikwa kwa mafumbo; baba akasema ya kule ni ya kukariri. Wakaendelea hivyo mpaka chakula kikapoa.

Binamu alinikuta nyuma ya zizi. Nilimchukia wakati ule, hata namna alivyovaa soksi nyeupe kwenye tope letu.

"KDS ni nini?" akaniuliza.

"Kigawe kidogo cha shirika. Unatafuta namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote."

Akanikodolea macho. "Hiyo si ndiyo L.C.M.!"

Swali lilikuwa lilelile. Lilikuwa kwenye karatasi yake na kwenye yangu, na kila mmoja alilikosa kwa mwenzie. Tulicheka mpaka ng'ombe akageuka kututazama. Lakini mimi kicheko kilipoisha nilibaki na kero ileile, kwa sababu bado sikuwa nimejua nani kati yetu ni zaidi.

Januari tulikwenda wote kufanya mtihani wa kuingia shule ya masista, huko chini karibu na mji wa Moshi. Wazazi wengi walikuwa wameanza kukimbilia shule za kulipia, na uwanja ulijaa wasichana waliopakwa mafuta mpaka wanang'aa. Mtihani wote ulikuwa wa Kiingereza. Binamu akachukuliwa. Mimi nikaenda sekondari ya wazazi iliyojengwa na wanakijiji wenyewe kwa makato ya mauzo ya kahawa yao, nilikokwenda kwa miguu kila siku.

Kwa miaka yote ile nilikuwa na jambo moja kichwani: kidato cha nne tutafanya mtihani mmoja. Nchi moja, siku moja, karatasi moja. Hapo hakutakuwa na kati ya ngapi. Nilisoma nikitembea, nilisoma nikikata majani ya ng'ombe, nikajikata kidole. Mama alisema nimekuwa kama mtu anayefukuzwa.

Siku ya mtihani wa kemia ya vitendo, niliingia maabara yetu, chumba chenye meza ndefu na sinki lisilo na bomba. Mwalimu alikuwa ameazima vifaa kutoka shule nyingine. Mbele yangu palisimamishwa bureti, lile bomba jembamba la kioo lenye kifungulio chini. Nilikuwa nimeichora mara nyingi daftarini, kwa rula, vizuri kabisa. Sikuwa nimewahi kuigusa. Nilipofungua, asidi ilimwagika yote kwa mkupuo, na rangi niliyotakiwa kuinasa ikabadilika na kupita kabla sijapepesa macho.

Matokeo yalitoka. Binamu alipata divisheni ya kwanza, mimi ya tatu. Pasaka tukakutana tena kwa bibi. Mjomba hakuwa mtu mbaya; alininunulia hata kitambaa cha gauni. Lakini alipokwisha kunawa mikono alisema, "Haya, sasa imejulikana. Mtihani ni mmoja."

Baba akainamisha kichwa, na nikaona alikuwa amekubali. Hilo liliniuma kuliko alama zenyewe.

"Haijajulikana, baba," binamu akasema.

Wote tukamgeukia. Pale kwa bibi haikuwa desturi mtoto wa kike kumjibu baba yake mbele za watu.

"Nini haijajulikana?"

"Mwenzangu ameniambia bureti kaiona kwa mara ya kwanza siku ya mtihani. Mimi nimeishika tangu kidato cha pili. Kama ningekuwa shule yake, hata hiyo ya tatu sijui kama ningeipata."

Mjomba akaifuta tena mikono yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kaleni, watoto."

Baada ya chakula tulipeleka masufuria mferejini, yale maji yanayoshuka kutoka mlimani na kupita kila kihamba, yaani shamba la nyumbani. Binamu aliniambia aliishi miaka minne akiogopa kwamba nitamshinda, kwa sababu alikuja na ile mia nne thelathini na moja, na kila mtu aliikumbuka. Sikumwambia nilivyoishi mimi. Nilimuuliza bureti inafunguliwaje.

Akakata bua la jani la mpapai, lenye uwazi ndani, akalijaza maji, akaziba tundu la chini kwa kidole. "Usifungue kama bomba," akasema. "Legeza hivi, kidogo tu." Tone moja likaanguka mkononi mwangu, likafuata jingine. Akanipa bua nijaribu.