Damu ya Shemeji

Mimi na shaka ni pete na chanda, na mwaka ule kabla ya uhuru nilimshuku shemeji yangu jambo baya kuliko yote niliyopata kumshuku mtu.

Dada yangu alijifungua mtoto wa kiume nyumbani kwetu Changamwe, kisha damu ikakataa kukoma. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akasema asipoongezewa damu ya mtu mwingine, hafiki jioni. Siku hizo hadithi za mumiani, hao watu wanaonyonya damu za wenzao wakafanyie dawa, zilitujaa vichwani. Mpimaji alipokuja na sindano, Mama alimtazama kama mtu aliyeshika kisu. Hata hivyo tulinyoosha mikono: Mama, kaka yangu na mimi.

Mpimaji alichanganya matone yetu na ya dada juu ya vipande vya kioo. Yote yakashikana vidonge vidonge, kama maziwa yaliyokatika. Akasema damu zetu hazipatani na yake.

"Hazipatani vipi?" Mama aliwaka. "Huyu nimemzaa mimi. Wataka kunambia nini mbele ya wanangu?"

Yule bwana akaeleza kwa upole kwamba tumbo moja huzaa watoto wa damu mbalimbali, na si aibu ya mtu. Mimi sikumwamini hata chembe.

Ndipo shemeji, mume wa dada, akakunja mkono wa kanzu. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa kuja kutoka Vanga, na kwao hatukukujua. Tone lake lilichanganyika na la dada, likatulia, laini. Sisi wa tumbo moja tumekataliwa, yeye amepatana!

Mama akamshika mkono. "Ngoja. Mtoto akinyonya ziwa la mwanamke, huwa ndugu wa wanawe, hawaoani tena. Maziwa yafanya hivyo, sembuse damu! Ukimpa damu yako atakuwa dada yako. Ndoa imekwisha."

Hapakuwa na wa kumuuliza. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa safarini Malindi. Sote tuliamini. Shemeji hakungoja hata kuvuta pumzi. "Toa, bwana," alimwambia mpimaji, akajilaza.

Haraka ile ndiyo iliyonichoma. Mama akaninong'oneza, "Waona? Yuwataka kumwata mwanangu bila talaka." Nikaafiki. Mke mgonjwa, mtoto mchanga, naye anaondoka kwa kisingizio cha wema. Nilimchukia, wallahi.

Dada akapona. Tulipomrudisha nyumbani, shemeji alihamia dukani kwake. Nikasema haya, yametimia, nikaanza kumpeleleza. Kila asubuhi alileta samaki, akabisha hodi, asiingie. Siku ya saba nilijibanza nyuma ya mlango nimnase na neno. Dada alikuwa ameketi ndani, nyuma ya pazia.

"Dada, hujambo?" alisema shemeji. Kaka ana ruhusa ya kumtazama dada yake, lakini yeye aliugeuza uso barabarani, maana jicho lake lilikuwa bado la mume.

"Kwa nini ulikubali?" dada alimuuliza huku analia.

"Niliona bora niwe na dada aliye hai kuliko mke aliye kaburini."

Nilitamani ardhi inimeze.

Mwalimu aliporudi, Mama alimwendea siku hiyo hiyo. Akajibiwa kuwa damu si maziwa, na hata hayo maziwa hesabu yake ni ya utotoni. Mume na arudi kwa mkewe. Mama akanituma mimi nikampe habari.

Nilimkuta kwenye cherehani, anashona kanzu ndogo ya mtoto. Nilipokwisha kusema, alisimamisha mguu, akanikazia macho.

"Nawe wanitakia heri tangu lini?"

Akaniapisha mara tatu, nami nikaapa mara tatu. Kisha akatoka mbio, mlango wazi, kanzu ya mtoto mkononi, uzi unamfuata. Nikabaki kumlindia duka mpaka adhuhuri, nalia kwa haya.