Fumbo la Miezi Kumi na Minne

Mume wangu Githongo alikuwa karani kiwandani, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia anatunga mafumbo ya chess. Unawekewa kete chache kwa ubao, unaambiwa nyeupe ishinde kwa hatua tatu, na njia iwe moja tu. Ikipatikana ya pili, fumbo limeharibika. Hapo ndipo niliingia mimi, Rahab, yeye huniita Mama Ann, muuza mboga wa hapa Noonkopir. Alinifundisha mchezo ili nimtafutie hiyo njia ya pili, na mimi kwa kutafuta makosa sina mpinzani.

Presha ya macho ilipomwanza, alitaka kitu kimoja tu: fumbo lake lichapishwe kwa jarida la mafumbo, jina lake likiwa chini, kabla hajaacha kuona. Alilitunga miezi tisa. Akataka kulituma. Mimi huyu, na mdomo wangu, nikamwambia angoje, haraka haraka haina baraka, wacha nikague tena. Nikakagua miezi mitano, nachambua sukuma wiki huku ubao uko mbele yangu. Sikupata kitu. Ni kiburi tu kilikuwa kimenishika, ati lazima nimpate na kosa. Mwishowe tukatuma.

Jibu lilikuja kwa simu siku ya Jumanne. Maandishi alikuwa ameshaacha kuyaona, kwa hivyo nilimsomea. Mhariri alisema fumbo ni safi kabisa, ila kuna programu ya kompyuta ilishalitunga, kete kwa kete, miezi mitatu iliyopita. Hawezi kulichapisha.

Miezi mitatu. Na mimi nililikalia mitano. Nilitamani ardhi inimeze.

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Aliuliza tu hiyo programu ilichukua muda gani, nikamsomea: sekunde nne. Akapapasa ukingo wa ubao.

“Na watu walilipenda?”

Mhariri alikuwa ametuma ukurasa wenyewe, nikaufungua. Fumbo letu lilikuwa huko chini, kati ya mafumbo elfu arobaini ya hiyo programu, na kando ya kila moja imeandikwa ni watu wangapi wamelifungua. Nilitazama mara mbili.

“Mama Ann, nimekuuliza.”

“Hakuna mtu amewahi kulifungua,” nikamwambia.

Niliona aibu kumtazama.

“Basi ni mimi na wewe tu tumeliona,” akasema. “Na mimi sasa silioni.”