Kamba za Kuzungusha Pembetatu

Kabla mwalimu mmoja wa kike hajahamia kwetu kutoka Mbalizi, hesabu za kidato cha pili pale shuleni Kihesa zilikuwa zangu peke yangu. Alipokuja akapewa mkondo B, mimi nikabaki na A. Madarasa yetu yalitazama uwanja mmoja. Alikuwa mdogo kwangu, mcheshi, na wiki ya kwanza tu alishajifunza kusalimia wazazi kwa Kihehe. Mimi niliyezaliwa humu sikuwahi kuchekewa na wazazi kama yeye nikitoa salamu ya kamwene.

Tukafika mada ya kuzungusha maumbo. Nikachora ubaoni kama siku zote: mstari wa x, mstari wa y, pembetatu, kisha robo mzunguko kinyume cha saa. Nukta (4, 1) inahamia (-1, 4). Wanafunzi wakanakili kimya. Mara nikasikia vicheko nje.

Mwenzangu alikuwa amechora mistari ile ile uwanjani kwa chokaa. Wanafunzi watatu walisimama kwenye pembe za pembetatu, kila mmoja ameshika kamba iliyotoka katikati.

"Kamba isilegee! Haya, tembeeni!"

Pembetatu nzima ikazunguka na masweta yake. Darasa langu lote likahamia dirishani.

"Madam, na sisi tutatoka lini?"

"Mkishajua kukaa," nikawajibu.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule kulalamika kwamba chokaa inaisha. Akacheka. "Kamtazame anavyofundisha, mwalimu."

Nikaenda, uso nimeukunja.

"Afadhali umekuja, dada," mwenzangu akasema. "Nishikie hapa katikati."

Nikashika ncha za kamba. Watoto wakanizunguka, lakini macho yao yote yalikuwa kwake.

Kesho yake nikawatoa wa kwangu bila kumwambia. Upepo ulikuwa mkali, kamba zikajisokota, msichana mmoja akaanguka, na pembetatu ikawa mstari.

"Madam wa B anahesabu kwa sauti," kijana mmoja akanieleza kwa upole, "na aliye mbali anapiga hatua ndefu."

Ule upole ndio ulioniuma. Kabla sijajibu, mwenzangu akatoka darasani kwake, akaokota kamba iliyoanguka, wala hakucheka.

"Tuhesabu wote, dada."

Tukahesabu. Pembetatu ikazunguka vizuri, watoto wakapiga makofi. Nikasema asante kama mtu anayemeza klorokwini.

Baadaye alihamia Mbeya kumfuata mume wake. Kitenge cha kumuaga nilikichagua mimi, na nilichagua kizuri. Nilidhani nitapumua.

Majuzi akanipigia simu. Ameteuliwa makamu mkuu wa shule huko, na alitaka niwe wa kwanza kujua.

"Hongera sana, mdogo wangu," nikasema. Akaanza kunisimulia, sauti imejaa furaha. Nikamwambia ugali unaungua, nikakata simu. Hata sufuria sikuwa nimebandika.