Macho Yangu Yaliyoridhika

Watengenezaji wa tovuti waliniita ofisini kwao, mtaani Kabalagala, nijaribu ile mpya ya kliniki ya macho. Ni kliniki ileile ambayo mke wangu alikuwa akiisubiri impe siku ya kutolewa mtoto wa jicho. Kliniki ilikuwa karibu kufunga dirisha la kuandikisha wagonjwa. Kila kitu kingehamia kwenye tovuti. Nikaenda nimevaa koti, kama mtaalamu.

Chini ya skrini walibandika kidude chembamba. Binti aliyesimamia kazi akanieleza kwamba kinafuata macho na kupima kama mtu ameridhika. Mdomo hudanganya, akasema, macho hayadanganyi. Maneno hayo yalinitia wasiwasi, maana nilikwisha kunywa chai yao na kula chapati, na sisi Wanubi wa Kawempe hatuli cha mtu kisha tukamkosoa.

Nikaambiwa niweke miadi. Nikaona picha kubwa ya daktari anayecheka. Nikamkodolea macho, nikidhani huenda pa kubofya pamefichwa katikati ya meno yake. Sikupaona.

"Jaja," binti akasema, kama vijana wa hapa wanavyotuita wazee, akinionyesha doa jekundu ambalo mashine ilikuwa imelichora juu ya uso wa daktari, pale macho yangu yalipokaa, "hapa umetazama kwa utulivu kabisa. Umependa?"

"Sana, binti yangu."

Huo ulikuwa uongo wangu, na siukwepi. Mashine ilinisaidia tu kuutia rangi.

Dirisha likafungwa. Tukakaa nyumbani na simu, mimi na mke wangu, tukitafuta pa kuweka miadi, daktari akituchekea.

"Si wewe uliyewaambia ni nzuri?" akauliza. "Basi mwambie huyo mwenye meno anitibu."

Nikampeleka Kabalagala, nikakiri kwamba siku ile nilipotea. Binti akafungua ripoti yake.

"Lakini macho yako yanasema uliridhika, Jaja."

Mwenye macho nilikuwa nimesimama mbele yake, lakini lililoaminiwa ni doa.

Mke wangu akavuta kiti, akaketi mbele ya kidude. Binti akainamisha skrini, akaisogeza, akaiinamisha tena.

"Samahani, Jaja. Mashine haiyapati macho yako."

"Hata mimi siyapati, mwanangu. Ndiyo maana namtafuta daktari."

Binti akaiacha skrini. Kisha akachukua simu, akaipigia kliniki, akaongea na mtu. Tukapewa Alhamisi.