Mtani wa Mama Yake Kibwana

Enzi za Mjerumani, gari moshi lilipokwisha kufika Morogoro, Pili alikuwa akishuka kutoka milima ya juu ya Mlali na tumbaku ya kusokota kichwani. Sokoni palikuwa na banda la bati, lakini Waluguru kama yeye hawakuketishwa humo. Kibwana, mgawaji wa nafasi za kuuzia, mtu wa kanzu safi na bakora, aliwaelekeza kwenye mfereji kwa neno moja tu: washenzi. Wenye maduka walicheka, wapita njia wakadakia. Masika yalipoingia, tumbaku ya Pili ikaota ukungu, na hakuwa na kingine cha kuwalishia wanawe.

Aliyemfuata mferejini ni mama yake Kibwana, Bi Mwajuma, kikongwe mpenda ugoro. Kibwana alijitangaza kuwa mtu wa Bagamoyo tangu mababu. Mama hakuficha kwamba wao ni Wazigua, watani wa Waluguru. Basi walitukanana kwa raha. Kikongwe alimwita Pili nyani wa mlimani, naye akajibiwa kwamba kaburi limechoka kumngoja.

“Nikifa,” kikongwe alimwambia siku moja, “usipokuja kunitania msibani nitakurudia.”

Akafa kweli, mvua zingali zinanyesha. Pili alijua kwamba akimwaibisha Kibwana mbele ya waungwana wake, hata mfereji ataukosa. Alikwenda hivyo hivyo. Jeneza lilipotaka kutolewa, akajilaza kizingitini kama ilivyo ada ya watani.

“Hatoki huyu. Kanimalizia ugoro wangu. Nipeni haki yangu kwanza, enyi washenzi wa Kizigua.”

Jirani mmoja akainua fimbo amwondoe yule mshamba. Kibwana alimtazama Pili, akalitazama jeneza. Kisha akavua kofia yake ya kufuma, akachutama, akamvika iwe ndiyo haki yake.

“Mwache,” alimwambia jirani. “Ni mtani wetu. Mama alimtaka.”

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka katikati ya kilio, na maiti akapita.

Siku ya soko iliyofuata Kibwana alikuja mferejini mwenyewe. Hakuomba radhi. Alisema tumbaku ya Waluguru inanuka vibaya, labda ikikauka itavumilika. Akaunyanyua mzigo kuupeleka bandani.

Pili hakuinuka. “Na wenzangu hawa?”

“Hawataenea.”

“Basi nirudishie mzigo, mtani.”

Kibwana aliguna, akageuka, akamwamuru muuza samaki wakavu akunje jamvi lake nusu. Yule akalikunja huku ananung’unika, na wanawake wa mlimani wakaanza kuingia.