Ramani ya Jangwa Darasani kwetu Masisi

Wenzangu mliosoma kule milimani Masisi enzi zetu, mnaikumbuka ile ramani? Shule ilikuwa na moja tu ya kujifunzia milima na mabonde, na kwa bahati yetu ilikuwa ya jangwa. Sisi tuliolima maharagwe kwenye miteremko ambayo hata mbuzi waliishuka kwa tahadhari, tukafundishwa nchi isiyo na kilima. Prof, ndivyo tulivyomwita mwalimu wa jiografia, alisema mistari ikisongamana ni mlima, ikiachana ni tambarare. Ile iliachana kabisa, kama watu waliogombana.

Furaha, rafiki yangu aliyetoka kwenye misitu ya Walikale, aliitafuta rangi ya kijani mpaka akachoka. Akauliza, "Prof, sasa hawa bantu banategaka nyama wapi?" Tulicheka mpaka madaftari yakaanguka.

Mimi sikucheka sana, maana jiografia ndiyo iliyotaka kunifanya nirudie darasa. Mama alishaapa kwamba nikirudia mwaka, shule basi, nitabaki naye kulima muhogo. Siku ya mtihani wa mdomo Prof akanipa fimbo ya kuonyeshea ramani. Nieleze kwa nini nyumba zote, vile vinukta vyeusi, zimebanana mahali pamoja, na kwingine kote ni peupe.

Nikajibu bila wasiwasi, "Balikimbia, Prof. Njo maana bakajikusanya mu kambi."

Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Wengi wetu tulikuwa tumekimbia vita, tunatoka kambini asubuhi kuja shule, jibu gani lingine lilikuwepo? Prof, aliyezoea kutuita wasichana wote mama, akagusa duara dogo la buluu katikati ya nyumba.

"Hapana, mama. Hapa iko kisima. Hakuna mwenye alibafukuza."

Akanipa alama za kunivusha tu, na mimi nikaona ameniibia.

Watoto wa siku hizi hawajui fimbo ya ramani. Simu inawaonyesha dunia nzima, lakini waulize mto unateremkia upande gani, wanangoja kwanza mtandao urudi. Juzi binti yangu, mzaliwa wa hapa Goma, alikitafuta kijiji chetu cha karibu na Kibabi, akakipata kimepigwa picha kutoka juu, mabati yanang'aa.

"Mama, kwenu kuko bantu mingi."

Picha ilikuwa ya zamani, kabla hatujakimbia mara ya mwisho. Leo pale ni majani matupu. Iliniuma sana. Nikamwambia ndiyo, wako wengi, nikamwonyesha paa letu.